Niliyetabiriwa Kuvuka Bahari

Siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, ingawa ukiniuliza nilikula nini jana itabidi tumuulize mke wangu. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, huko kwetu upande wa Mwingi. Baba yangu alikuwa anamfungua maksai wetu wa mwisho ili ampeleke mnadani. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya, alikuwa kwenye kigoda akichambua kunde. Dada yangu Mwikali alikuwa amesimama mlangoni, amevaa sare yake ya shule ya msingi, ingawa shule zilikuwa zimefungwa na yeye alishamaliza darasa la saba. Aliifua jana yake akaivaa kama mtu anayengoja kuulizwa kitu. Mimi nilikuwa nakunywa uji. Chunguza mambo yote makubwa yaliyowahi kutokea kwetu, utakuta mimi nilikuwa na kitu mdomoni.

"Huyu ng'ombe ni karo ya Kyalo," Baba akasema bila kumtazama mtu. "Mwikali atakaa nyumbani amsaidie mama yake."

Mwikali alikuwa amepita mtihani vizuri kuliko nilivyopita mimi, na kuliko kijana yeyote wa kijiji kile, na shule moja ya wasichana ya bweni ilikuwa imemwita. Mimi nilikuwa tayari sekondari, nikijikokota nyuma ya wenzangu. Mvua ilikuwa imetukosa, mifugo imeisha, amebaki maksai mmoja. Mmoja wetu tu ndiye angesoma. Na Baba alinichagua mimi, mwanangu, si kwa sababu mimi ni mwanamume, ingawa hilo nalo lilikuwepo kama chumvi kwenye mboga. Alinichagua kwa sababu nilikuwa nimetabiriwa.

Jina langu Kyalo ni safari kwa Kikamba. Cheka tu, kila mtu hucheka. Mtu anaitwa Safari na akifika Kitui mjini anaanza kuuliza gari la kurudi ni la saa ngapi. Lakini wewe, mtoto wa jirani, umekua ukisikia majina yetu, unajua yalivyo. Wambua ni mtu aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mutinda alikawia tumboni. Majina ya Wakamba yanaangalia nyuma. Yanasema mtoto alikuja namna gani, basi. Mimi mama alikuwa anatoka sokoni na Susu uchungu ukamshika, nikazaliwa kando ya barabara ya Garissa, malori yakipita na kutumwagia vumbi. Susu alinikata kitovu, na Susu akanipa jina. Mwikali ni mwenye kukaa. Kabla yake walikuja wawili wakaondoka wakiwa wachanga, na yeye alipofika na kukataa kufa, Susu akasema huyu amekaa. Hiyo ndiyo habari yote.

Sasa, nilipokuwa mdogo niliumwa na macho. Baba akanipeleka kwa mundu mue, mwaguzi wetu, mzee mmoja mwenye kibuyu cha mbegu na sauti ya kulala usingizi. Akatikisa kibuyu, akamwaga mbegu kwenye ngozi, akazipanga, akauliza jina langu. Aliposikia Kyalo akaziinamia tena mbegu zake. Akasema anaona njia ndefu, na mwisho wa njia anaona maji makubwa, na ng'ambo ya maji anaona mtoto huyu amevaa viatu vyeusi. Kuhusu macho hakusema neno. Macho yalipona kwa dawa ya tyubu kutoka zahanati ya misheni, lakini hakuna aliyeisifu ile tyubu. Kijiji kizima kilisifu viatu vyeusi.

Kutoka siku hiyo jina langu liligeuzwa likaanza kuangalia mbele. Nikivunja mtungi, Baba anasema mwacheni, huyo ni wa kwenda. Nikishindwa hesabu, anasema huko ng'ambo kuna mashine za kuhesabu. Jembe sikulijua. Hata wewe umeniona nikilima, unajua kwamba hilo ni pengo la kweli.

Ile zahanati ilikuwa ya Sista Pilar, mama mmoja mfupi kutoka Uhispania, mwenye mwendo wa mtu anayefukuza kuku. Baba alinipeleka kwake. Akamwambia, "Sista, kijana wangu atavuka bahari. Mfundishe lugha yenu mapema, asije akafika huko akawa bubu." Sista alicheka mpaka akaketi. Halafu akaona Baba hachezi, akakubali. Kila likizo nilimwagilia mboga zake, na jioni nikapata darasa barazani. Mwikali naye alikuja kuniletea chakula, akabaki, akasikiliza.

Kihispania chote kimenitoka, mwanangu, isipokuwa somo moja. Sista aliniuliza nani alisema nitavuka bahari, nikamwelezea ya kibuyu. Akasema, "Kyalo, sisi kwetu tuna maneno mengi ya kusema habari za kesho. Chagua la huyo mzee." Akaanza. Predecir, kusema jambo kabla halijaja. Nikaona ni predict ya mwalimu wetu wa Kiingereza. Pronosticar, hilo ni la mtu anayetazama mawingu, na la daktari anayetazama mgonjwa. Kwa Kiingereza ni forecast, kama ile ya hali ya hewa redioni. Vaticinar ni la manabii, na Waingereza wana prophesy. Augurar, mtu ameona ndege akivuka njia akarudi nyumbani; Kiingereza wanasema augur, na sisi hatuhitaji neno, tunarudi tu nyumbani. Kisha akasema adivinar. Akafumba ngumi akaniuliza, "Nina nini ndani?" Nikasema njugu. Akafungua, hakuna kitu. "Hiyo ndiyo adivinar," akasema. "Ya mwenye kibuyu, na ya mtoto anayecheza. Waingereza wamezitenganisha, divine ya mwaguzi na guess ya mchezo, ili watu wazima wasione haya."

La mwisho lilikuwa prever, ambalo kwa Kiingereza ni foresee. Sista alisema hilo ndilo analolitumia yeye kwenye zahanati. Unaona mbele ili ujitayarishe leo: mama huyu atajifungua mwezi wa njaa, basi mpe maziwa ya unga sasa. Akasema hilo halina kibuyu, lina kazi.

Niliyaandika yote vizuri kwenye daftari. Nilipenda sana kuandika maneno. Kuyatumia ndiko kulikonishinda.

Basi turudi asubuhi ile ya maksai. Baba alipokwisha kusema, Susu aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na akisema hakuna mtu aliyemkatiza.

"Wewe mwanangu," akamwambia Baba, "hilo jina la Kyalo nilitoa mimi. Nani amekupa ruhusa ya kulisoma?"

"Mama, mzee alisema..."

"Mzee alikuwepo barabarani? Mimi ndiye nilikuwa na damu mpaka kwenye kiwiko. Nilimwita Kyalo kwa sababu mama yake alishikwa njiani. Angeshikwa jikoni ningemwita la jikoni, na leo ungempeleka akawe mpishi. Na huyu," akamnyooshea Mwikali kidole, "nilimwita Mwikali kwa sababu nilikuwa nimechoka kuzika. Sikusema akae nyumbani. Nilisema akae hai."

Baba akavuta kamba. Akasema mambo ya watoto wake ni yake. Kisha Susu akanigeukia mimi, na hili ndilo lililonibakia mwilini kama mwiba uliovunjikia ndani.

"Na wewe wa ng'ambo. Una mdomo wa kujua maneno ya Wazungu. Sema moja basi."

Nikamtazama Mwikali. Mwikali akanitazama. Nikanywa uji.

Tulikwenda mnadani mimi na Baba. Mnunuzi alikuwa Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyezoeana na Baba miaka mingi. Akampapasa maksai mgongoni, akashangaa. "Mzee, huyu ni wa jembe. Unauza mkono wako?"

"Kijana wangu atavuka bahari," Baba akasema kwa sauti, wengine wasikie.

"Lini?"

"Imeonekana."

Abdi akanipima kutoka kichwani hadi miguuni. "Ndugu yangu amevuka bahari mara nyingi," akasema, "na mbuzi kwenye meli. Kila mara anarudi na mafua. Huyu wako ana hata koti?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, cheko la mtu asiyesikia. Maksai akaenda.

Jioni nilimkuta Mwikali nyuma ya nyumba. Ile sare alikuwa ameivua na kuikata, anashona nguo ya mtoto wa shangazi. Hakulia. Aliniuliza tu, akikata uzi kwa meno, "Lile neno la Sista la kuona mbele ni lipi?"

"Prever."

"Basi Baba hana hilo. Ana yale mengine yote." Akaendelea kushona. Kisha akasema, "Na wewe una daftari."

Sista alijaribu. Alikuja nyumbani kwa miguu, akamwomba Baba amruhusu Mwikali, yeye angetafuta wafadhili. Baba akamwambia, "Sista, hata wewe uliandikiwa maji makubwa, ndiyo maana uko hapa."

Sista akasema, "Mimi hakuna aliyeniandikia. Mimi nilipelekwa shule." Lakini Baba alikuwa anaogopa. Hilo nilielewa nikiwa mzee. Aliogopa kwamba akimpeleka mwenye kukaa aende, mwenye kwenda angekaa, na mbegu zote za kile kibuyu zingekuwa zimemdanganya. Muda si mrefu Sista akahamishwa. Wafadhili wakaenda naye.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sitakutajia, maana unaniheshimu kidogo na ningependa ibaki hivyo. Nikarudi nyumbani kungoja kuitwa. Nani aniite? Sikujua, na Baba hakujua, lakini tulingoja pamoja kwa bidii kubwa. Nilijaribu kazi Thika nikaumwa na tumbo, nikarudi. Bahari sijaiona, hata ile ya Mombasa ambayo watoto wa shule hupelekwa kuitazama. Na viatu vyeusi nilivipata siku ya harusi yangu. Nilivikodi.

Mwikali alichumbiwa mapema, akapelekwa mbali, Mbooni, kwenye milima ambako watu wanapanda njia na mzigo mgongoni kama wanapanda ukuta. Hakuwa amemwona mwenyeji hata mmoja wa huko kabla ya kuolewa. Aliyeitwa mwenye kukaa ndiye aliyeondoka, na Safari ndiye huyu amekaa mbele yako na blanketi magotini.

Baba aliumwa muda mrefu kabla hajafa. Kila nilipomgeuza kitandani aliniuliza, "Wamekuita?" Nikamjibu, "Bado, Baba." Na yeye akasema, "Watakuita." Ulikuwa ndio mchezo wetu. Sikumchukia. Ningemchukia ingekuwa rahisi zaidi.

Mwikali alipojifungua msichana wake wa kwanza, nilipanda mpaka Mbooni, safari yangu ndefu kuliko zote, nikiwa nimebeba sukari na kuhema. Susu alikuwa ameshafariki. Wazee wa pale wakauliza mtoto ataitwa nani. Mwikali akataja jina la ubatizo. Wakasema hilo ni la kanisa, la nyumbani je? Mtoto wa Mkamba anazaliwa bila jina la Kikamba? Mwikali akamfunika mtoto uso kwa leso.

"Hana," akasema. "Sitaki mtu amsome mwanangu." Na alinitazama mimi, si wao.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai.

Mtoto yule hadi leo hana jina la Kikamba, na ni mwanamke mzima sasa. Tumepoteza jina moja kwenye ukoo wetu kwa sababu ya mtu aliyemwaga mbegu kwenye ngozi na watu waliokuwa wamekaa kimya wakimezea.

Kwa hiyo mwanangu, nimesikia kuhusu huyo mhubiri wa spika pale sokoni, aliyekuambia ameona ndege ya angani na jina lako juu yake. Mama yako ameshaanza kuulizia bei ya kuuza mbuzi wenu. Sikukatazi kuota. Ila nenda umuulize, kwa adabu: mzee, hili ulilosema ni lipi? Umetazama mawingu? Umenipima kama daktari? Au umefumba ngumi unaniuliza kuna nini ndani? Na akikukasirikia, umeshajibiwa.

Kisha uangalie ni nani amesimama mlangoni. Utabiri mzuri wa mtoto mmoja huwa una mtoto mwingine anayeulipia, na huyo hakuna aliyemwagia mbegu. Ukimwona, usingoje Susu azungumze. Na siku ukipata mtoto umpe jina, umwambie lilitoka wapi, uishie hapo. Njia yake ataitafuta mwenyewe.

Sogea karibu sasa, nikutemee mate ya baraka kifuani kama wazee walivyotufanyia sisi. Usigeuze uso, ni kidogo tu. Sitakuambia utafika mbali. Hilo nililisikia mno. Nasema hivi: ulicho nacho mkononi leo kisiuzwe kwa ajili ya kitu ambacho hakijaja. Uamke ukiwa mzima, na wa kwenu wawe wazima. Na asubuhi ile itakapofika kwako, na mwenzako amesimama mlangoni na sare yake aliyoifua, Mungu akupe nguvu ya kuweka kikombe chini.