Miswaki ya Kabatini

Nilisikia kwanza ufunguo ukikwaruza, kabla sijamwona shangazi, nikajua anafungua kabati la vyombo vya wageni. Leo nimesaga karafuu za pilau, na harufu yake imenirudisha Mbagala, sebuleni kwake, na hasira ni ileile.

Nesi alikuwa amekuja shuleni kutufundisha kupiga mswaki, hasa usiku kabla ya kulala, akampa kila mtoto mswaki wake. Mimi na dada tulifika nayo nyumbani tukikimbia. Shangazi akatunyang'anya.

"Vitu vizuri hivi mviharibu nyie?"

Akaifungia kabatini, tukarudi kwenye mkaa na kidole. Jino la dada likaoza. Shangazi alimwekea karafuu ya kusaga, akamwambia aache kudeka.

Siku ile niliyosikia ufunguo, nesi alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Shangazi alimpangia miswaki yetu mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, ikiwa bado ndani ya plastiki.

"Tazama, nesi, tumeitunza. Mipya kabisa!"

Nesi hakucheka. Alimwambia dada apanue mdomo, akachungulia.

"Hili halizibiki tena, mama. Linang'olewa leo."

Nilitamani kulipiga teke kabati lile mpaka vioo vimwagike.

"Si umpe mswaki wake!" nilipiga kelele.

"Koma! Mbele ya mgeni?" alisema shangazi, huku akiirudisha miswaki kabatini.

Nesi alimshika dada mkono, wakatoka. Shangazi akaufunga mlango nyuma yao, kisha akafunga kabati.