Shafti Nyuma ya Gari la Bwana

Watu wakiniuliza kwa nini siwezi kukaa kitini nikamaliza kikombe cha chai, nawaambia ni injini. Nimeishi karibu na injini zinazonguruma, na mwili ukishazoea kutetemeka haukubali tena kutulia. Lakini huo ni ukweli nusu. Nusu nyingine niliipata kule juu ya ziwa Elmenteita, miaka ile ya hamsini, nikiwa fundi kijana wa gereji moja mjini Nakuru, nikingojea jibu la posa.

Wazee wetu walikuwa wamekwenda kubisha hodi kwa kina msichana niliyempenda. Walikaribishwa vizuri, wakala, wakanywa, kisha wakaambiwa warudi nyumbani, wataitwa. Wataitwa lini? Hakuna aliyejua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli kweli. Nilikuwa nafungua nati nikiwaza wamekataa, naifunga nikiwaza wamekubali. Mhindi mwenye gereji akaniuliza kama nimelalia upupu.

Basi akanituma shamba la mzungu mmoja nikafunge vyombo vipya kwenye gari lake. Niliposikia ni shamba gani, nilishika kichwa. Baba ya msichana alikuwa mkamuaji palepale, na jamaa yake yote iliishi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Sasa mimi nitafanyaje kazi uwanjani na mama mkwe anapita kila siku?

Maana kwetu heshima ya mama mkwe si mchezo. Hamkutani uso kwa uso, wala hamshikani mkono. Mkionana njiani, yeye anajifunika shuka na kukata kona majanini, na wewe unageuza uso utazame mbali mpaka apite. Mahari haijatoka, sawa, lakini posa ikishafika heshima imeanza. Kwa hiyo nilifanya kazi shingo ikizunguka kama ya bundi.

Gari lenyewe lilikuwa fupi, la bati, la aina ile inayovuta kwa magurudumu yote manne na kucheka matope. Bwana alitaka lifanye kila kitu: lilime, liinue, lipasue kuni, lisage mahindi. Kazi yangu ilikuwa kuitoa nguvu ya injini mpaka nyuma. Nilifungua kifuniko cha giaboksi, nikaunga shafti ndefu iliyopita chini ya gari na kutokea nyuma, na mwisho wake nikafunga puli ya mkanda. Kando nikaweka pampu, na mipira minene ya kupeleka mafuta kwenye jeki za kuinulia jembe. Siku ile mikono ya chuma ilipoliinua jembe polepole, bila mtu kulishika, wakamuaji waliacha ndoo wakaja kutazama.

"Wee!" mmoja akasema. "Ng'ombe wamefutwa kazi. Bado sisi."

Walicheka, nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa kule kwenye laini.

Msichana mwenyewe nilimpata mara moja tu, bombani. Nikamuuliza wanasemaje nyumbani.

"Mama anasema una haraka."

"Haraka ya nini?"

"Ya kila kitu," akasema, akajitwika debe lake huku akicheka. "Lakini anapenda vile unavyogeuza uso. Anasema umefunzwa."

Siku hiyo nilipiga mluzi mpaka jioni. Jameni, nilikuwa mjinga mwenye furaha.

Kilichobaki ni bati la kufunika shafti. Shafti inayozunguka haina macho. Ikishika kamba, ikishika nguo, inakunja tu. Nikamwambia bwana anipe siku moja nikate bati. Akakunja uso.

"Wewe fundi, kesho watu nakuja chukua posho ya unga. Mimi nataka ona kinu nazunguka. Bati ngoja."

"Bwana, hii ni hatari."

"Funga kamba. Basi."

Sikuwa na sauti mbele ya mzungu, miaka ile nani alikuwa nayo? Nikapigilia vigingi nyuma ya gari, nikazungusha kamba, nikimtukana kwa lugha ya mama yangu.

Kesho yake tukavuta mkanda kutoka kwenye puli mpaka kwenye kinu. Bwana mwenyewe akakaa kwenye usukani, akakanyaga mafuta, injini ikalia. Mimi nilisimama kinuni nikimimina mahindi. Akina mama walipanga foleni na vikapu vyao. Unga ulipoanza kutoka walipiga vigelegele, na bwana akazidi kukanyaga.

Ndipo nikamwona mama mkwe anakuja, moja kwa moja upande wangu. Hakujua kwamba aliye kinuni ni mimi. Aliponitambua alishtuka, akajifunika shuka, akakata kona kama adabu inavyotaka. Nami, kama adabu inavyotaka, nikageuza uso nikatazama ziwa. Sikuona kwamba kona aliyoikata ilikuwa nyuma ya gari. Aliinama akapita chini ya kamba yangu.

Nilisikia ukelele. Nilipogeuka, shafti ilikuwa imeshika pembe ya shuka yake na inamvuta chini. Alikuwa amelifunga fundo begani, fundo gumu, na shingo yake ilikuwa inakwenda kwenye chuma. Bwana hakusikia chochote kwa ngurumo. Niliruka, nikamkumbatia kiuno kwa mkono mmoja, nikatia mguu kwenye bampa, na kwa mkono mwingine nikalipasua lile fundo. Shuka ikaenda yote, na hakuwa na nguo nyingine. Tukaanguka chini pamoja, yeye juu yangu, mzima, uchi kama alivyozaliwa.

Injini ikazimwa. Nilivua koti langu la grisi nikamfunika huku nimefumba macho, lakini nilikuwa nimechelewa. Akina mama walisimama mikono mdomoni. Hakuna aliyeshukuru, hakuna aliyelia. Bibi mmoja tu akasema, "Ameona."

Siku zilizofuata bwana alikuwa na nafasi nyingi ya bati. Nililikata, nikalifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Wazee walikuwa wamekaa, na habari zilinifikia vipande vipande: huyu anasema posa imekufa, yule anasema achinjwe mbuzi, watu watakaswe, mambo yaendelee. Usiku nilizunguka kitandani, mchana nilizunguka gari. Ningeambiwa nichome lile gari ningelichoma.

Hatimaye nikaitwa. Mama mkwe alitoka nyumbani, mkono uliochubuka tulipoanguka umefungwa kitambaa, akaja mpaka nilipo, akanishika mkono mbele ya wote.

"Wazee wanataka tuchinje mbuzi ili nirudi kumkimbia huyu njiani," alisema. "Sitaki. Aliniona vile, hakunicheka, akanivuta kutoka kwenye kifo. Anayemwona mama hivyo ni mtoto wake peke yake. Kuanzia leo huyu si mkwe. Nimemzaa. Ni mtoto wa nyumba hii."

Vigelegele! Mzee wake alinikumbatia, alikuwa analia. Majirani walinipa mikono. Nilisimama pale natabasamu kama zuzu, moyo umejaa, mpaka nilipomwona msichana mlangoni. Yeye alikuwa ameshaelewa. Mtoto wa nyumba haoi nyumbani kwao.

Nilitaka kupiga kelele: mama, nichukie, nifukuze, lakini usinizae! Ningesema nini mbele ya mama aliyenipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo?

Msichana akatumwa alete uji. Alinipa kibuyu kwa mikono miwili.

"Karibu, kaka," akasema. Mama yetu alikuwa anasikiliza.

Nikapokea. "Asante, dada," nikasema.