Sufuria Juu ya Tangi

Mtaani mke wangu, fundi wa redio, wanamwita Mama Nyaya, nami naitwa mume wa Mama Nyaya, ingawa ni mimi na cherehani yangu tuliotangulia kwenye kibanda hiki. Siku hizi nusu ya meza ya kukatia nguo ni yake. Redio zilizofunguliwa matumbo zinalala juu ya suruali za watu, na mteja mmoja aliwahi kurudi akilalamika kwamba koti lake jipya lina skrubu mfukoni.

Mke wangu ni mtu wa kuwaka. Akipata wazo hatulii: anakula amesimama, anajibu swali ulilomuuliza juzi, na akifurahi ananipiga bega mpaka sindano inaruka mshono. Mwaka huu alipata wazo kuhusu baba yake, basi bega langu likakiona cha moto.

Baba mkwe ndiye mtunzaji wa tangi la maji lililo juu ya kilima, lile linalolisha mtaa mzima. Kazi yake ni kupanda, kutazama maji yanavyojaa, na yakifika shingoni, kupunga kitambaa chekundu ili walio chini wazime pampu. Mke wangu alikulia kwenye kazi hiyo. Tangu utotoni ndiye aliyesimama kando ya swichi, macho kilimani, akisubiri kitambaa. Waya uliwahi kuvutwa kutoka juu hadi chini, ukaibwa kabla haujazoea mahali.

Sasa goti la mzee limechoka. Tangi limefurika zaidi ya mara moja yeye akiwa bado njiani, na kamati ya maji ikasema waziwazi: likifurika tena, kazi anapewa mwenye miguu mizima. Mzee hakubisha. Alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Wakiniachisha, mwanangu, sitajua asubuhi niamkie nini."

Mke wangu akanipiga bega.

"Kifaa!" akasema. "Naweka kifaa juu ya tangi, wewe baba unakaa zako chini kwenye pampu. Maji yakijaa, kengele inalia!"

Kifaa chenyewe hakikumsumbua: boya, bodi ndogo, na betri ndani ya kisanduku cha plastiki. Kilichomtoa jasho ni moduli, yaani kile kipande cha redio kinachorusha habari bila waya. Kilimani hakuna umeme. Betri ikiisha lazima mtu apande kuibadilisha, na mtu huyo ni nani kama si mzee na goti lake? Kwa hiyo moduli ilipaswa kufika mbali na kula kidogo. Nilimwambia mgeni wa namna hiyo, wa kufika mbali na kula kidogo, sijawahi kumwona, hata kati ya ndugu zake.

Ya kwanza ilikuwa ya waifai. Aliipenda kupita kiasi, kwa sababu ilimletea kwenye simu mchoro wa maji yakipanda na kushuka, wa rangi rangi, na kila mteja aliyeingia kupima nguo aliuona kwanza. Lakini ilifika ua wa jirani ikagoma, na betri iliisha kabla hata sijamaliza kushona sare za kwaya. "Mlafi wewe!" akaiambia, akaing'oa.

Ya pili ilitumia laini ya simu. Hiyo ilifika, sikatai. Ila kila ilipoamka kutafuta mnara ilivuta umeme kwa pupa, betri ikalegea, bodi ikazimika na kuwaka upya, kisha ikatafuta mnara tena. Nikashauri aweke betri kubwa.

"Kubwa kama ya lori? Ataibeba nani, wewe?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Ya tatu ilikuwa kwenye droo muda wote: redio ya masafa marefu, ndogo kama kifungo cha koti, inafika mbali na betri inailamba tu. Shida yake ni kwamba inasema polepole, tena maneno machache. Hakuna mchoro, hakuna rangi. Hilo lilimuuma, maana alitaka baba yake awe na kitu cha kuringia mbele ya kamati.

Siku moja nilikuwa nakata sketi ya kitambaa chekundu. Nikakikung'uta kutoa nyuzi. Mke wangu akaganda.

"Kipunge tena."

Nikapunga.

"Baba huwa anasema nini na kitambaa chake?"

"Kwamba limejaa."

"Na asipopunga?"

"Bado."

"Maneno mawili!" Alipiga kelele hadi muuza duka wa jirani akachungulia. "Miaka yote hiyo mtaa mzima umekunywa maji kwa maneno mawili, halafu mimi nahangaika na michoro!" Bega langu likapata haki yake. "Hii inalala, inaamka, inasema neno moja, inalala tena. Kama wewe siku za mapumziko!"

Tulifunga kifaa juu ya tangi, na chini pampuni taa ya kijani ikawa inawaka na kuzimika kila mara: bado, bado, bado. Sijawahi kuona mtu akicheza muziki usiokuwepo kama mke wangu siku ile.

Kamati ikaja asubuhi iliyofuata. Pampu ikawashwa, na taa ikakaa kimya. Mwenyekiti akatazama taa, akatazama kilima, akamtazama mzee. Maji yalikuwa yanapanda huko juu na hakuna aliyejua yamefika wapi.

"Kuna mtu amekigusa?" mke wangu akauliza.

Mzee akakohoa. "Nilipanda jana jioni."

"Na goti hilo, baba?"

"Mawingu yalitanda, mwanangu. Nikasema kitalowa. Nimekifunika na sufuria ya mama yako, nikaweka na jiwe."

"Sufuria! Umekifungia ndani ya chuma, baba, sauti itatokea wapi?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono kwenye swichi azime pampu, jaribio liishie hapo. "Subiri!" nikasema, na nikashangaa ni mimi. Nikakimbia, futi kamba ikinipiga shingoni, mapafu yakinitukana. Juu ya tangi nikatupa jiwe, nikainua sufuria. Kwenye mdomo wa tangi maji yalikuwa shingoni kabisa, yanachezacheza. Nikakitazama kile kisanduku. Amka, nikakiomba, amka baba yangu.

Kengele sikuisikia, ni mbali. Nilichoona ni bomba la kuingiza maji likikohoa, likatema tone la mwisho, likanyamaza. Nikapiga vigelegele peke yangu, mwanamume mzima, nimekumbatia sufuria.

Chini kulikuwa na watu wadogo wanaorukaruka, na mmoja wao alikuwa anampiga mwenyekiti bega. Mzee alikaa kwenye kiti kando ya swichi. Kisha akasimama, akachomoa kitambaa chekundu mfukoni, na akanipungia.