Nyota Yenye Pembe

Watu wakiniuliza raha ya kuwa na kibanda cha kutazamia nyota nyuma ya nyumba, huwa nawaambia waanze kuniuliza karaha. Raha yake naimaliza kuisimulia kabla chai haijachemka. Karaha inataka kutwa nzima.

Nilifundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi. Nilichora jua na sayari zake ubaoni kwa chaki mpaka vidole vikaota sugu, na hata sayari moja sikuwahi kuiona kwa karibu. Nilipostaafu, wenzangu walinunua ng'ombe, wengine bodaboda. Mimi nikaagiza darubini kutoka Dar. Dada yangu alikuja toka Usevya kuiona, akaizunguka, akaipapasa, akauliza, "Sasa hii inakoboa mpunga, au?" Nikamwambia inatazama mbingu. Akasonya, akasema mbingu haijawahi kumshibisha mtu.

Kibanda alikijenga fundi wa kuchomelea wa hapa hapa Majengo. Matofali ya kuchoma, mlango mmoja, dirisha hakuna. Paa la bati linakaa juu ya magurudumu ya geti. Ukilisukuma linateleza lote kwenye reli, mbingu yote inabaki yako. Kazi nzuri, sikatai, ila fundi mwenyewe kila siku alikuwa ananiuliza naficha nini. Jirani yangu wa upande wa magharibi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yeye hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa kushtaki kwamba nimechimba choo ukutani kwake. Mwenyekiti akaja kukagua, akakuta choo hakina shimo, kina nguzo ya chuma ya kusimamishia darubini katikati. Ikawa mbaya zaidi.

Jirani huyu tunamwita Hajji, na Makka alikwenda kweli, simnyimi haki yake. Mtu wa swala tano, maskini hatoki mlangoni kwake mikono mitupu. Kwangu mimi alikuwa mwiba. Baada ya ile aibu ya choo alifunga taa juu ya ukuta wake, taa kubwa kama ya uwanja wa mpira, akaielekeza uani kwangu. Nikamwendea kistaarabu.

"Hajji, taa yako inaniharibia macho."

"Wezi, Mwalimu."

"Wezi wako wote wanapitia kwangu?"

"Mwizi hana njia maalumu," akasema, akaendelea kumpimia mteja misumari.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu, nikasonga ugali ukatoka mabonge.

Na laiti ingekuwa taa peke yake! Kiangazi, mbingu inapokuwa kavu na safi, ndipo watu wanapochoma mashamba. Moshi unatoka huku, mwingine unatoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku upande wa Katumba, vumbi la barabara linamalizia. Masika vumbi linaoshwa, lakini mawingu nayo yanakaa kama wageni wasiojua kuaga. Kuku wa watu wakaona kibanda changu kinafaa kutagia. Popo wakahamia chini ya bati. Kila nikitaka kutazama, kwanza nifagie mavi.

Raha nayo? Haya, niiseme. Kuna jioni nilimkamata Zohali na pete zake, kametulia kwenye kioo, kadogo, kakamilifu, kama hereni ya bibi harusi. Nilikuwa nimeichora sayari ile ubaoni miaka na miaka, na kumbe ipo! Ipo kweli! Nikapiga vigelegele peke yangu kibandani. Sijuti. Lakini vigelegele hivyo vilisikika mtaa mzima, na asubuhi pale kwenye genge la nyanya wanawake walinyamaza nilipofika.

Nilielewa walichonyamazia. Mwanamke mzee, mjane, anaishi peke yake. Macho mekundu kwa kukesha. Mchana analala. Ana kibanda kisicho na dirisha, na paa lake linafunguka usiku. Katika mkoa huu hesabu hiyo kila mtu anajua inavyojumlishwa. Kuna vikongwe vijijini walishakatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, nayo yalikuwa ya moshi wa kuni. Dada yangu alinipigia simu akasema, "Funga hicho kibanda kabla hawajakufunga wewe." Nikamwambia sifungi. Nilikisubiri maisha yangu yote. Nikifunge kwa sababu ya maneno ya genge?

Ikaja jioni ya kutazama mwezi wa Ramadhani. Hapa Majengo siku hiyo waumini hutoka baada ya magharibi, wanasimama penye uwazi, shingo juu, kila mtu akitamani awe yeye wa kwanza kuuona na kupeleka ushahidi msikitini. Ni heshima kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana ikakatika, mbingu ya magharibi imeoshwa ikatakata. Mimi nilikuwa kibandani kwangu namtazama Zuhura, sayari ile watu wanayoiita nyota ya jioni, inayowaka kuliko nyota zote. Kwa macho matupu utaiona duara tu, nukta ya mwanga. Ndani ya darubini, majira yale, ilikuwa imepungua ikawa kipande chembamba chenye pembe mbili, mwezi mchanga mtupu. Ndivyo inavyofanya, inakua na kupungua kama mwezi.

Hodi haikupigwa. Nikashtukia Hajji yumo ndani, kanzu nyeupe, anahema.

"Mwalimu, tusaidiane leo. Lidude lako linaona mbali."

"Subiri kwanza, Hajji, nikuelekeze..."

Hakusubiri. Aliinama, akabandika jicho kwenye kioo. Halafu akapiga takbira, bati likalia.

"Umeandama! Mwezi huu hapa!"

"Hajji, huo si mwezi. Hiyo ni Zuhura. Ni nyota."

Akanigeukia, uso umejaa dharau. "Nyota ina pembe, Mwalimu?"

"Hii inazo. Toka nje uone penyewe ninapotazama."

"Nyie hamfungi, mwezi mtaujulia wapi?"

"Tunafunga Kwaresima siku arobaini, na hatuvamii kibanda cha mtu!"

Alishafika getini. Nilimfuata mpaka barabarani, kandambili mguu mmoja, nikiita, "Haraka haraka haina baraka, Hajji!" Wala hakugeuka.

Msikitini alitoa ushahidi kwa kiapo. Wengine wote walikuwa wameitazama mbingu ile ile, safi, na hakuna aliyeona kitu. Redio nayo ikatangaza mwezi haujaonekana. Mtu mwingine angesema nilikosea, yakaisha. Hajji akaamsha nyumba yake nzima kula daku, akafunga siku ambayo Majengo nzima ilikuwa inakunywa chai. Vijana wakapita dukani kwake kununua msumari mmoja mmoja, makusudi, wakimwuliza, "Hajji, mwezi wako umeshakua?" Mpaka adhuhuri alikuwa ameshapata la kujitetea. Alisema mimi nilimwekea kitu machoni.

Basi jioni hiyo mwenyekiti akaja na watu, ua wangu ukajaa. Nikafurahi, mjinga mimi! Maana sasa mwezi ulikuwa umeandama kweli, kila mtu anauona bila kuambiwa, na Zuhura yuko jirani yake. Nikasema leo nitafundisha somo langu la mwisho na litaeleweka. Nikamwonyesha mwenyekiti mwezi kwa kidole, nikamwonyesha na nyota kwa kidole, iko pale, duara. Nikaielekeza darubini kwenye nyota mbele ya macho yake. "Chungulia."

Akachungulia. Akajitoa kama aliyeungua. "Ina pembe," akasema.

Wakachungulia wengine. Mama mmoja muuza dagaa alitazama ndani, akatoka akatazama juu, akarudi ndani, kisha akaanza kulia. "Nyota hii naijua toka utoto wangu, haina pembe! Ikiingia humu kwake ndiyo inaota!" Ua ukachafuka. Kila nikifungua mdomo sauti yangu inamezwa. Kila walivyozidi kuona ndivyo walivyozidi kuniogopa.

Mwenyekiti akanyoosha mkono watu wanyamaze. Si mtu mbaya. Akamwita Hajji, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefuturu peke yake, tende bado iko shavuni. "Hajji, chungulia. Utuambie, jana uliona kitu hiki hiki?"

Hajji akainama, akakaa pale muda mrefu. Nilimwona bega likimshuka. Alikuwa ameelewa, nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, mtu akielewa namjua hata kwa mgongo. Neno moja tu lilitakiwa: ndiyo. Ni kitu hiki hiki, nilikuwa na haraka, Mwalimu aliniambia sikusikia. Kibanda changu kilikuwa mdomoni mwake na ile tende.

Akasimama, akavitazama viatu vyake.

"Mimi jana niliona mwezi," akasema. "Leo mle ndani kuna nyota yenye pembe. Aliyebadilisha ni nani, mimi sijui."

Mwenyekiti alinivuta pembeni. "Kivunje, Mwalimu. Kwa usalama wako. Mimi nakuamini, lakini usiku silali hapa kwako." Na alisema kweli.

Yule fundi aliyekijenga ndiye aliyekibomoa, mchana kweupe, watu wamesimama wanatazama kama kuna msiba. Reli zikang'olewa, magurudumu yakang'olewa. Nililia mbele yao, sikujificha. Darubini nikaifunga kwa kitenge, nikaiweka chumbani.

Mfungo ukaelekea ukingoni. Jioni ya kutazama mwezi wa Idi, jikoni kwangu hodi ikapigwa, tena kwa adabu. Hajji, na bakuli la tambi limefunikwa kawa.

"Mwalimu, futari hii. Wanangu wamepika."

"Ahsante. Una shida gani?"

Akatazama nyuma yake. "Lile lidude lako lipo?"

"Lipo."

"Nichungulie kidogo tu. Safari hii nitasubiri unielekeze." Akashusha sauti. "Ile ilikuwa nyota. Najua. Nilijua palepale, mbele ya mwenyekiti."

"Mwenyekiti nyumba yake ile pale, Hajji. Taa inawaka. Nenda kamwambie."

Hakwenda. Akabaki kaning'iniza mikono, mtu mzima na ndevu zake, ananisubiri mimi nimhurumie. Nikamrudishia bakuli lake.

"Mwenye macho haambiwi tazama," nikamwambia.

Alitoka mpaka katikati ya ua, akasimama pale pale kilipokuwa kibanda, juu ya alama za matofali, akaweka kiganja juu ya nyusi, akaanza kuutafuta mwezi magharibi. Na huko magharibi ndiko kuliko ukuta wake, na juu ya ukuta taa yake mwenyewe, inamwakia usoni. Anafinya macho, anasogea huku, anasogea kule. Ningeweza kumwambia aizime. Nikafunga mlango, nikaenda kuepua wali.