Sikio la fundi lililotangulia kustaafu

"Boti ya fundi haimwagiwi maji!"

"Hii itamwagiwa. Boti yangu, ndoo yangu, na maji ya ziwa hayana mwenyewe. Wewe hapa umechangia nini?"

Saa moja asubuhi, Kibirizi. Jua halijapanda juu ya mapaa ya mabati, na tayari watu wapatao thelathini wamejipanga mchangani kutazama majirani wawili wakirushiana maneno. Waliokuwa wanakunywa chai wamekuja na vikombe vyao.

Mwenye ndoo ni Safina, mjane wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Ujiji, mwenye boti moja ya kuvulia dagaa. Anayemzuia ni Bonifasi, fundi wa boti, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Katikati yao, juu ya gogo, ameketi mtu ambaye ugomvi wote unamhusu naye hajafungua mdomo: Mzee Dismasi, miaka sitini na tatu, aliyeiziba boti hiyo wiki iliyopita.

"Mama Faridi, unamvua nguo mzee wa watu hadharani," anasema Bonifasi.

"Simvui mtu nguo mimi. Humu wanapanda watoto wa watu sita, na mmoja ni wa kwangu. Juzi nimesimama mgongoni kwake, nimemwita mara tatu kwa sauti hii hii mnayoisikia. Hakugeuka mpaka nilipomshika bega."

"Labda alikuwa na mawazo."

"Mawazo gani hayo yanayoziba masikio, Boni?"

Watu wanacheka. Mzee Dismasi hacheki. Anatazama midomo ya Safina.

Zimebaki siku nne ziwa lifunguliwe. Kila mwaka, uvuvi unaposimamishwa ili samaki wazaliane, boti huvutwa nchi kavu na kupandishwa juu ya magogo. Kwa wavuvi hiyo ni miezi ya mfuko mkavu. Kwa mafundi wa kuziba ndiyo mavuno.

Kazi yenyewe ni ya subira. Pamba husokotwa, ikalowekwa katika mawese, kisha ikashindiliwa kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Boti moja huchukua siku nne hadi sita, na fundi hupata kati ya laki moja na laki moja na nusu, kutegemea urefu. Msimu huu Mzee Dismasi ameziba boti tisa, zikiwa pungufu ya mwaka jana kwa tano.

Akimaliza kushindilia, fundi huizunguka boti akigonga kila mshono huku ametega sikio. Mshono ulioshiba pamba hutoa mlio mkavu, mfupi. Wenye njaa hutoa mlio wa debe. Mshono ukilia debe, fundi huufungua na kuanza upya.

Anayejifunza haaminiwi sikio lake. Boti yake hujazwa maji ikiwa bado juu ya magogo, watu wakasubiri kuona kama itatoka machozi kwa nje. Mkufunzi akishamwambia "sasa unasikia", maji huishia hapo, na kuanzia siku hiyo kummwagia maji ni kumwambia arudi shule. Mzee Dismasi aliambiwa maneno hayo mwaka 1985. Tangu hapo haijamwagiwa boti yake hata moja.

Na hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi, kwa sababu Mzee Dismasi alikuwa na mpango wa kustaafu, tena mpango wa maana.

Hana pensheni. Alichonacho ni michikichi hamsini ya mbegu mpya, aliyoipanda Ilagala kwenye shamba la urithi wa mkewe, Rozalia. Kwa hesabu zake, miti hiyo itaanza kumpa mawese ya kuuza baada ya miaka miwili. Hivyo alipanga afanye msimu huu, afanye na wa mwakani, kisha Krismasi ya mwakani aweke nyundo chini.

"Nilitaka kutoka kwa miguu yangu," anasema. "Nivae shati, niwaite wenye boti, ninywe nao soda, nimkabidhi Boni nyundo."

Hiyo soda si ya urafiki tu. Fundi wa Kibirizi anayeacha kazi kwa hiari humkabidhi mwenzake wateja wake mbele ya mashahidi, na kwa miaka miwili hupewa fungu katika kila boti. Fundi aliyeondolewa na maji hana cha kukabidhi. Wateja hutawanyika waendako, na yeye huenda nyumbani mikono mitupu.

Bonifasi, aliyefundishwa na Mzee Dismasi tangu akiwa na miaka kumi na minane, ndiye aliyekuwa akiingoja nyundo hiyo. Kwa hiyo wapo wanaonong'ona pale mchangani kwamba makelele yake ya asubuhi si ya heshima peke yake. Mwenyewe hakatai.

"Namtetea mzee, na nawatetea wateja wangu wa kesho. Vyote viwili. Kuna dhambi?"

Kilichoharibu hesabu ni sikio. Lilianza la kulia, miaka mitatu iliyopita. Alidhani mbu anamwimbia sikioni usiku kucha; asubuhi mbu hakuwepo, mlio ukabaki. Baadaye mlio ukaingia na kwenye la kushoto. Daktari aliyemwona mjini alimuuliza kazi yake, akatikisa kichwa: ni nyundo, miaka zaidi ya arobaini ya nyundo, mkono mmoja tu kutoka kichwani.

"Akaniambia niache," anasimulia Mzee Dismasi. "Nikamwambia sawa. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kununua pamba."

Mwaka huu alianza kugonga kwa mkono mmoja na kuusikiliza ubao kwa vidole vya mkono wa pili. Hakumwambia mtu. Lakini nyumbani hakufichiki kitu. Rozalia alishajua siku nyingi.

"Mimi nilishaacha kumwita," anasema mama huyo. "Chakula kikiiva natupa kokoto karibu na kuku. Kuku wakikimbia, anageuka. Majirani wakawa wanasema Rozalia ana vita na kuku."

Hata hivyo hakumsema kwa mtu. "Ningesema, tungekula nini hiyo miaka miwili? Michikichi haikui kwa kuihurumia."

Pale mchangani Safina ameshaishusha ndoo. Faridi, mwanawe, nahodha wa boti hiyo, amesimama nyuma yake akiangalia chini. Ndiye aliyemwamkia Mzee Dismasi "shikamoo" asubuhi hiyo na asijibiwe.

"Mzee, mwambie mwenyewe," Bonifasi anasema, safari hii akimwinamia kabisa. "Mwambie boti iko salama, tuondoke hapa."

Mzee Dismasi anainuka. Anautazama umati, anamtazama mkewe aliyejifunika kanga pembeni, kisha anamtazama Faridi, na kwake macho yanakaa.

"Leteni maji," anasema.

"Mzee, kaa chini."

"Boni, nimekufundisha mimi. Mshono wa tatu, upande ule wa ziwa, niliupiga mara tano. Anayesikia anapiga mara moja."

Hakuna anayecheka tena. Ndoo ya kwanza anaichota mzee mwenyewe, suruali ikilowa hadi magotini, na kuimimina ndani ya boti. Ya pili anamimina Faridi. Baada ya hapo watu wanapokezana bila kuambiwa, mpaka maji yanafika usawa wa goti. Kisha wote wanahamia upande wa ziwa na kuukodolea macho mshono wa tatu.

Dakika kumi. Ubao ni mkavu.

Dakika ishirini. Ni mkavu bado. Fundi mmoja kijana anapiga mluzi. "Haya mama Faridi, umeona? Umewatesa watu na ndoo bure."

Bonifasi anaanza kutabasamu na kumpigapiga Mzee Dismasi mgongoni. Mzee mwenyewe anapitisha kidole kwenye ule mshono, mara mbili, na bega lake linashuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Yewe! Huku!"

Sauti ni ya Rozalia, na imetoka upande mwingine wa boti, ambako hakuna aliyekuwa akitazama. Watu wanakimbilia huko. Kwenye mshono wa pili kutoka chini, karibu na mkia wa boti, maji yametokeza. Kwanza ni tone moja, halafu kamstari kembamba kanachoteremka ubaoni na kunywewa na mchanga.

Mzee Dismasi anafika wa mwisho. Anachuchumaa na kuugusa mshono kwa kidole.

"Huu nilikuwa na hakika nao," anasema taratibu.

Bonifasi ndiye wa kwanza kuelewa maana ya maneno hayo, na uso unambadilika. Kama mshono wenye mashaka umekauka na ule wa hakika unavuja, basi hakika ya mzee haina kazi tena. Na kuna boti nyingine nane zilizopita mkononi mwake msimu huu.

Mzee Dismasi anazitaja moja moja, kwa sauti kubwa kuliko anavyojua, kila mtu asikie. Saba ziko Kibirizi, juu ya magogo. Moja, ya Leonardi, ilipelekwa Ilagala kwa lori Jumatatu.

Simu anaishika Rozalia, kwa kuwa mumewe hasikii simu kabisa. Anaiweka sauti kubwa, na umati unasogea.

"Leonardi, mwakeye, umeamka? Ile boti yenu msiishushe majini."

"Nishaishusha tangu jana, mama. Iko hapa mlangoni mwa mto, nimeifunga."

"Ina maji ndani?"

"Kidogo. Nilidhani ni ya mvua."

"Mvua ipi mwezi wa nane, Leonardi?"

Inasikika miguu ikikimbia, na simu inakatika. Dakika kumi na tano zinazofuata ndizo ndefu kuliko zote asubuhi hiyo. Rozalia ameikumbatia simu kifuani. Mzee Dismasi anamtazama mkewe usoni. Ikiita tena, Leonardi anahema: maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, wameyakumba, boti iko mchangani. Hakukuwa na mtu ndani.

Rozalia anainua dole gumba. Mumewe anakaa chini pale pale aliposimama.

Kuanzia saa tatu asubuhi Mzee Dismasi anapita kwa wenye boti mmoja mmoja, Bonifasi akimfuata na ndoo. Si wote wanaompokea vizuri. Mzee Khalfani, mwenye boti mbili, anamwambia bora angesema tangu Juni. Mwingine anaendelea kushona wavu wake asiinue uso. Adolf, mteja wake wa miaka ishirini, anamshika mkono na kutikisa kichwa.

"Ungeniulia watu, Dismasi."

"Ningewaua."

"Na ungekuja matangani ukakaa na sisi."

"Ningekuja, bila kujua kama ni mimi."

Adolf anamwachia mkono. Anakwenda mwenyewe kutafuta ndoo ya pili.

Hadi saa nane mchana boti tano kati ya saba zimemwagiwa. Tatu kavu, mbili zinavuja. Bonifasi ataifungua upya mishono inayovuja ya hizo mbili, ya boti ya Safina na ya Leonardi, bila malipo, na kwa siku nne zilizobaki atalala pale zilipo boti. Wenye boti watatu wamekwishasema mwakani watawapelekea kazi mafundi wa Katonga. Kuhusu fungu la mzee, Bonifasi haahidi asichokuwa nacho.

"Wakibaki nusu, nitampa nusu. Wakinikimbia wote, nitampa nini? Lakini pamba nani atanisokotea? Ile haihitaji masikio."

Ndiyo sura mpya ya mpango. Siku tatu kwa wiki Mzee Dismasi atasokota na kuloweka pamba ya Bonifasi, kwa elfu tano kwa siku. Siku nyingine atakuwa Ilagala kwenye michikichi yake, akipanda mihogo katikati ya miti ili familia ipate chakula wakati inangoja. Rozalia ataanza kukaanga mihogo sokoni Kibirizi. Miaka miwili, wanasema. Ikizidi sana, mitatu.

"Nilipanga tarehe, nikapanga na soda," anasema Mzee Dismasi, akitembea na kichwa chini. "Sikupanga kuliuliza sikio."

Njia ya kwenda kwenye boti mbili zilizobaki inapita mlangoni kwa Safina. Anapofika hapo anaongeza mwendo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Tangu tone lile lionekane, Safina hajamwambia neno. Ametoka mchangani na ndoo yake tupu, akafunga mlango.

Sasa uko wazi. Safina amesimama kizingitini, mikono ina unga wa muhogo hadi kwenye viwiko. Ndani Faridi ametandika mkeka, na harufu ya maharage ya mawese imejaa uchochoro mzima. Rozalia ameshakaa huko, tena anaongea kama mwenye nyumba.

Safina haiti. Anatoka hadi njiani, anasimama mbele ya mzee, uso kwa uso, ili aione midomo yake.

"Unakwenda wapi na njaa?"

"Mama Faridi, bado boti mbili."

"Ziko nchi kavu hizo, hazizami," anasema Safina, na kumshika mkono. "Ingia ule. Na wewe Boni, weka hiyo ndoo chini, nawa mikono."