Mawaridi ya Mwalimu Mkuu

Waingereza walikuwa karibu kufungasha virago niliporudi Newala kutoka chuo kikuu, nikashikizwa darasa la tatu huku nikisubiri kazi ya maana. Niliwaambia watoto waandike hadithi za kweli, kisha tukashona karatasi zao kwa uzi wa gunia ziwe vitabu.

Msichana mmoja aliandika jinsi anavyoteremka bondeni alfajiri kuteka maji, kwa sababu kila mwanafunzi lazima aje shuleni na kibuyu kilichojaa, na jinsi maji hayo yanavyoishia kwenye mawaridi ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikisoma kitabu hicho siku moja kabla ya mkaguzi Mzungu kuja.

"Mwalimu, huko chuo kikuu ndiko walikokufundisha utovu wa adabu? Hadithi ya mtoto ni sungura na fisi! Aiandike upya, la sivyo hana shule."

Msichana akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaandika upya. Sungura aliteremka bondeni alfajiri, akapanda na kibuyu, akamwagilia maua ya fisi. Mwalimu mkuu alifurahi mno. Kesho yake yeye mwenyewe alimsomea mkaguzi, kwa mbwembwe, huku watoto wakijiziba midomo.

"Na huyu fisi anakaa wapi?" mkaguzi aliuliza kwa Kiswahili chake cha bomani.

Darasa zima likageukia dirishani. Mwalimu mkuu naye akageuka, akayaona maua yake.

Tangu siku ile vibuyu vilimiminwa kwenye mtungi wa maji ya kunywa, na mawaridi yakaachiwa Mungu.