Unywele Ukielea, Niambie

Nilifumba macho. Nalisema mwanzo kabisa, kwa sababu nikianza kwa maelezo nitajipamba, na safari hii sina cha kujipamba nacho.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walitangulia mbele ya haki nikiwa kidato cha pili, wakapishana miezi minane tu. Nikaacha skuli nikabaki na wadogo zangu watatu. Niliwalisha, niliwaogesha, na kila jioni niliwakagua: masikio, kucha, nyuma ya shingo. Mpaka leo wananiita Bi Mkaguzi. Zuhura, kitinda mimba wetu, ana miaka kumi na tisa na anasoma chuo Tunguu, lakini akirudi nyumbani hunipa shikamoo huku amenyoosha vidole nimkague kucha. Ni kejeli, najua.

Basi mkaguzi huyo ndiye aliyeombwa kutazama kitu kimoja tu, akashindwa.

Nafanya usafi katika nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe. Alifikia kwetu mama mmoja Myahudi, nitamwita Bi Dina. Umri wake ni ule ambao mama angekuwa nao lau angekuwa hai. Kiswahili anakijua, aliwahi kufundisha bara. Kichwani alikuwa na nywele fupi za mawimbi, laini kama za mtoto. Siku moja namtandikia kitanda akaniambia kisa chake: aliumwa sana, dawa zikammalizia nywele zote, sasa madaktari wamesema amepona na nywele zimerudi.

"Lakini mwili haujapata habari," alisema. "Bado unangoja sindano."

Ndipo akaniomba. Kwao kuna josho la kuzama mwili mzima, mara tatu, katika maji ambayo hayakutekwa na mtu: chemchemi, mvua iliyojikusanya, au bahari. Wanawake wao huzama baada ya hedhi kabla ya kurudi kwa waume zao, na biharusi huzama kabla ya harusi.

"Zamani nilizama kwa ajili ya ndoa," alisema. "Siku hizi wapo wanaozama wakiachika, wakitoka kwenye msiba, wakipona. Uchafu sina, nimeoga asubuhi. Nataka mahali pa kuvukia."

Nikamwambia, "Haya nayajua, Bi Dina. Hata sisi tuna josho. Maji yasipofika kwenye kila shina la unywele, halisihi, ni kama hujaoga."

"Basi utanifaa. Anatakiwa mtu wa kusimama na kutazama. Unywele ukielea, hata mmoja, aniambie nizame tena. Mwenyewe siwezi kujiona."

"Niachie mie," nikasema.

Tulikwenda Bwejuu, kijijini kwa marehemu mama, saa kumi alasiri maji yamejaa. Saa hiyo ufukwe huwa mtupu, maana wanawake wanaolima mwani huingia maji yakipwa. Kabla hatujaingia nilimkagua kama mwari. Pete nje, hereni nje, plasta ya kidole nje. Rangi ya kucha za miguu niliifuta mwenyewe, kidole kwa kidole.

"Weye mkali kuliko wasimamizi wa kwetu," alisema akicheka. Nikavimba kichwa.

Tukaingia mpaka maji ya kifua. Nikatandaza kanga kumsitiri, upande wa nchi kavu. Yeye akavua dera akanitundikia begani.

Hapo ndipo akili ilipofika mahali ambapo miguu ilikuwa imeshafika. Mama huyu, rika la mama yangu, hana kitu mwilini, na mimi nimeahidi kumtazama. Haya ikanipanda kutoka kwenye nyayo. Nikaiinua kanga juu kidogo, ikanifunika uso. Halafu, kwa tahadhari zaidi, nikafumba macho.

Nikasikia chubwi. Kimya. Akaibuka akivuta pumzi.

"Je?"

"Limesihi," nikasema, kwa sauti ya kadhi.

Mara tatu alizama. Mara tatu nikatoa hukumu kutoka gizani.

Alipovaa dera alikuwa analia. Akanishika mikono yote miwili. "Sasa nnajua nimevuka," alisema. "Kuna mtu ameona."

Ningesema pale pale. Badala yake nilimwambia, "Hongera, Bi Dina."

Nyumbani nilimsimulia Zuhura kwa madaha, nakoroga uji wa kesho huku nikijisifu nilivyozifuta zile kucha.

"Na nywele zilizama zote?"

"Zote."

"Uliziona?"

Nikakoroga.

"Dada. Uliziona?"

"Angekuwa mama yako, weye ungemtazama?"

Zuhura hakumbuki sura ya mama. "Bure nisingemtazama. Akiniomba, ningemtazama." Kisha akaongeza, "Umetukagua mpaka tukawa tunajificha chooni, leo ndio umepata haya?"

Mimi ni mtu wa msimamo, kila mtu mtaani anajua. Nikishasema, nimesema. Na msimamo huo niliulalia usiku kucha, ukanichoma mbavu.

Asubuhi nilimkuta Bi Dina kwenye kahawa, anamwambia mtu wa mapokezi kwamba amelala bila kidonge. Nikawaza, mwache, kwani atadhurika nini? Kidogo ninyamaze. Lakini aliponiona alisema, "Huyu ndiye shahidi wangu," na lile neno sikuweza kulibeba.

Nikamwambia yote, hata nilivyoulizwa nyumbani. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Nililala usiku mzima," alisema, "mara ya kwanza tangu nianze kuumwa. Nililala juu ya neno lako."

Hakupandisha sauti. Natamani angepandisha.

"Twende tena leo," nikasema. "Leo nitatazama."

"Tutakwenda, kesho nasafiri. Lakini hutatazama wewe." "Umeniambia kuna mtu alikuuliza kama uliziona. Anaitwa nani?"

Kwa hiyo jioni ile, Bwejuu, maji yamejaa, Bi Mkaguzi alisimama mchangani ameipa bahari mgongo, taulo mkono mmoja, dera mkono wa pili, kama ango la nguo. Aliyeingia majini na kanga ni Zuhura, ambaye nilimwogesha kwenye beseni.

Nikasikia chubwi. Kisha sauti ya Zuhura, bila wasiwasi wowote: "Bado, Bi Dina. Za kisogoni zimeelea."

Chubwi.

"Bado. Hapo juu ya sikio la kushoto."

Nikamsikia Bi Dina akicheka. Chubwi nyingine, halafu: "Limesihi."

Ilichukua mara sita kupata tatu zilizosihi. Mimi jana yake nilizimaliza zote tatu bila dosari. Za kisogoni zilikuwa wapi jana? Sitajua.

Tukirudi nilimuuliza Zuhura kwa kunong'ona amewezaje, hakuona haya?

"Haya ya nini? Nywele ziko kichwani," alisema. "Kwani ulidhani utazame wapi?"

Bi Dina alisafiri. Humwandikia Zuhura kila mara, na mwisho wa barua kuna salamu zangu, mstari mmoja. Ni haki yangu, na mstari wenyewe ni mwingi.

Ewe unayesoma, mtu akikuomba uwe macho yake, tazama. Kama haya imekushika, mwambie huwezi, atafute mwengine kabla hajaingia majini. "Siwezi" ingenipa aibu ya dakika moja. "Limesihi" imenipa hii unayoisoma.

Kwetu sasa mambo yamegeuka. Nikitoka kuoga, Zuhura huwa amekaa kizingitini. "Nyuma ya masikio umefika, dada?"

Nami huinama, nikamwonesha.